Bukari ya Maman Mastic

Kila vijana wangu wanapofungua mfuko wa chokaa na kuumwagia maji, mimi husogea karibu. Wao wanadhani bosi anakuja kukagua. Wakidhani hivyo, kazi inakwenda vizuri zaidi. Ukweli ni kwamba nakuja kunusa. Chokaa ikilowa ina harufu yake, ya baridi kidogo, kama ukuta wa kanisa baada ya mvua, na ndani ya harufu ile, mimi peke yangu kwenye chantier nzima ya ujenzi, nasikia mahindi. Nasikia jiko letu la utotoni mtaa wa Schaerbeek, sufuria kubwa ya aluminiamu, na mama yangu ameinama juu ya ndoo ya unga.

Nijitambulishe, maana mtu asiyenijua atasema huyu fundi ameanza lini kuandika. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na sita, na walimu wangu wa Bruxelles, huku Ubelgiji, hawakulia. Leo ninakaribia arobaini. Nina kampuni ya kupiga plasta, camionnette tatu, gari ndogo za mizigo, zenye jina langu ubavuni, na watu kumi na mmoja wanaolisha familia zao kwa kazi niliyoianza na ndoo moja na ngazi ya kuazima. Zile dari za kizamani zenye maua na majani, za nyumba za matajiri wa Ixelles, zikipasuka wananiita mimi. Wenye diploma wakishindwa, wananiita mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Bon, nasema kwa kujisifu, nimezitolea jasho. Lakini leo nataka kuwaambia habari ya sifa ya mtu mwingine, sifa nzuri kuliko zangu zote, ambayo mimi niliipoteza nikiwa na miaka kumi na tatu.

Mama yangu, Maman Odette, alitoka Lubumbashi akiwa na jina. Kule Katuba, mtaa wetu, kukiwa na ndoa ao matanga, watu hawakuuliza kwanza nani atapika nyama. Walituma mtoto mbio: mwiteni Odette aje asonge bukari. Bukari ndiyo ugali wenu, sisi wa Katanga tunaiita hivyo. Alikuwa anafika na mwiko wake mwenyewe, mrefu kunipita mimi wakati ule, anavua viatu, anakaza kikwembe kiunoni, wanawake wawili wanashika sufuria isitembee, na yeye anaingia kazini kama mwanaume anayechimba kisima. Watu mia mbili, sufuria tatu, na hukuti donge hata moja. Bukari yake ilikuwa nyeupe, laini, ukiibonyeza inarudi. Wazee walikuwa wanafinyanga tonge la kwanza na kulila kavu, bila mboga, halafu ndipo wanasema, "Odette huyu." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tofali, nasikia jina la mama yangu likizunguka ua mzima, na kifua kinanijaa. Nadhani tabia yangu ya kujivuna ilianzia pale.

Tulifika Bruxelles mimi na yeye tu. Papa alibaki, alikuwa mtu wa reli, na makaratasi yake yalichukua miaka minne. Mama alikuwa anasafisha maofisi alfajiri, anarudi na mikono iliyokunjamana kwa maji ya sabuni. Wiki nzima tulikula mkate na vitu vya makopo kama watu wengine wa jengo letu. Lakini Jumamosi tulipanda bus kwenda Matonge, mtaa wa Waafrika, kununua chakula, na hapo alirudi kuwa Odette wa Katuba.

Ungetaka kujua wapi pa kula na pa kununua Bruxelles miaka ile, usingemwuliza polisi, ungeniuliza mimi. Niliijua Chaussée de Wavre mlango kwa mlango. Makayabu, yale masamaki ya chumvi, usinunue yale yaliyotundikwa kwenye vioo, jua limeyala. Lengalenga, mchicha wetu, inafika na ndege Alhamisi, kwa hiyo Jumatano unayopewa ni nyasi. Sombe, yaani kisamvu, iliyosagwa na kugandishwa, tafuta ile ya mfuko usio na jina. Ukishikwa na njaa, pita duka la vikwembe, mwisho wa korido kuna mama mmoja ana meza nne na sufuria mbili, hana hata kibao mlangoni, lakini nusu ya wanaume wa Lubumbashi utawakuta pale wanalia kwa pilipili. Hewa yenyewe ilikuwa chakula: ndizi zinazokaangwa, dagaa wakavu, nguo mpya zenye harufu ya rangi, mafuta ya nywele.

Unga tulinunua kwa Maman Béa. Mama alikuwa hasomi maandishi ya mfuko. Alikuwa anaingiza mkono mpaka kiwiko, anausugua unga kati ya vidole, anautazama pembeni kama anasikiliza.

"Hii ilikaa sana," anasema. "Lete ingine."

"Odette, weye utaniua! Ni ya wiki hii!"

"Béa, ni ya mbele ya Noeli. Lete ile unaficha nyuma ya rideau."

Na Maman Béa, akilalamika na kucheka, alikwenda nyuma ya pazia.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwaka ule ambao euro zilikuwa mpya, bado zinang'aa mifukoni. Papa alikuwa anafika Jumapili. Jumamosi mchana mama alikuwa kwenye kiti kwa jirani, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, akaniita.

"Dido, bunga ilisha. Wende kwa Maman Béa, uombe ile ya nyuma ya rideau. Papa yako hajakula bukari yangu miaka ine. Unasikia?"

"Oui, maman. Mi najua Matonge yote."

"Najua unajua. Usikawie."

Nikakawia. Parc Josaphat kulikuwa na mechi, sisi na watoto wa Kituruki wa barabara ya chini, na mimi nilikuwa mshambuliaji ambaye bila yeye hakuna timu, mnielewe. Tulipomaliza mvua ilikuwa inaanza, giza linaingia, na nauli ya bus nilikuwa nimeila, frites, chipsi za huku, pakiti kubwa na mchuzi wa samouraï juu. Matonge kwa miguu, kwenda na kurudi na kilo za unga, mvuani? Nikawa natembea polepole kuelekea nyumbani, natafuta uongo wa kusema.

Barabara ya pili kutoka kwetu kulikuwa na duka dogo lenye mlango wa kijani. Nilikuwa nalipita kila siku bila kuliona. Kwenye kioo kulikuwa na pilipili kavu nyeusi, kubwa kama viganja, na pakiti za karatasi, na juu ya kila pakiti picha ya mahindi. Hindi zima, zuri, na majani yake. Maneno yaliyoandikwa sikuyajua, lakini mahindi niliyajua. Nikajiambia: mahindi ni mahindi.

Ndani alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, msuko mmoja wa mvi umeshuka mpaka kiunoni. Nyuma ya rafu kulikuwa na meza tatu zilizofunikwa plastiki, hakuna mteja. Aliitwa Consuelo, lakini baadaye aliniambia nimwite Doña Chelo, kama alivyoitwa kwao Mexique. Alikuwa mjane wa Mbelgiji, na Kifaransa chake kilikuwa kinaruka kama jiwe juu ya maji. Nilipoweka pakiti mbili mbele yake, alinitazama.

"Hizi ni za nani?"

"Za mama yangu, madame."

"Mama yako anapika na unga huu? Hapa Schaerbeek? Anajua?"

Angeniuliza anapika nini, pengine mambo yangeishia pale. Aliuliza kama anajua.

"Mama yangu ni bingwa," nikasema. "Watu mia mbili anawapikia peke yake."

Doña Chelo akaweka mkono kifuani. Macho yake yalilowa, nakuapia, mtu mzima. Akachukua pakiti ya tatu, akaiweka juu ya zile mbili, akakataa pesa yake. "Mwambie aje," akasema. "Mwambie Consuelo wa San Jacinto anamngoja na kahawa."

Nyumbani mama alikuwa bado kwa jirani. Nilimwaga pakiti zote tatu kwenye ndoo yetu ya unga, nikafunika, makaratasi nikayatupa kwenye takataka za barabarani. Mama aliporudi na kichwa chake kipya akauliza, "Bunga iko?" Nikasema iko. Akafurahi, akanipa biskuti.

Jumapili mama alikataa kwenda uwanja wa ndege. Alitaka Papa afungue mlango akutane na harufu. Walikwenda Tonton Faustin, mtu wa Katanga kama sisi, aliyekuwa na gari, na mke wake Tantine Régine, aliyekuwa na mdomo. Papa aliingia ndani ya koti la kuazima lililompita mabega. Nilikuwa naukumbuka mkanda wake mgongoni mwangu kuliko sura yake. Alinyoosha mkono, akanipa kama anavyopewa mwanaume.

"Huyu njo Dido?"

"Ndiyo, papa."

"Unasaidia mama yako?"

"Sana, papa."

Jikoni maji yalikuwa yameanza kuchemka. Nilisimama mlangoni. Mama akafunua ndoo, akaingiza mkono.

Akakaa hivyo. Aliinama juu ya ndoo, mkono ndani, haupandi wala haushuki, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Maji yalikuwa yanapiga kifuniko. Halafu akautoa mkono, akaufuta kwenye kikwembe, polepole, kidole kwa kidole, akageuka akaniona.

"Dido."

"Maman?"

"Wende kaa na papa yako," akasema. "Muulize safari. Usimwache peke yake."

Nilikwenda nikakaa. Kupitia mlango nilimwona anapambana. Unga ule ulikuwa unakunywa maji kama mchanga. Akiongeza maji, unakuwa uji; akiongeza unga, unakuwa mawe. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye msuko mpya. Na harufu ikaanza kuja sebuleni, badala ya ile nyeupe ya bukari ikaja harufu ya ukuta uliopakwa chokaa jana. Papa aliinua pua kidogo.

Mezani kulikuwa na samaki, sombe, na katikati bukari. Ilikuwa na rangi ya jino la mzee. Juu imepasuka, na ukiigusa inafuata kidole. Tantine Régine alikata, akavuta, ikanyooka.

"Odette! Hii ni bukari ao ni mastic ya madirisha?"

Tonton Faustin alipaliwa na maji kwa kicheko. Mastic ni ule udongo laini wa kubandikia vioo, na, Mungu anisamehe, ilifanana. Papa hakucheka. Alifinyanga tonge la kwanza, kavu, kama wazee wa Katuba. Akatafuna muda mrefu. Akameza. Akanywa maji.

"Nani alinunua hii bunga?"

Kitambaa cha meza kilikuwa na picha za ndimu. Nilizihesabu. Nilifungua mdomo, kweli nilifungua, lakini mama alikuwa ameshasema.

"Bunga ni ile ya siku zote, ya kwa Béa. Ni mukono yangu njo ilisha kusahabu, Papa Dido. Miaka ine nilikuwa nasongea mutoto moja tu. Munisamehe."

"Ulaya ilikula mukono!" akasema Tantine Régine. "Batu mia mbili ku Katuba, na leo angalia! Maman Mastic!"

Wakacheka, na mama akacheka nao. Papa alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye. Halafu akakata tonge la pili.

"Itakumbuka," akasema. Akala mpaka sahani ikawa nyeupe.

Wiki iliyofuata mama alikwenda Matonge mwenyewe. Alisema anataka kunyoosha miguu. Ndoo niliikuta imeoshwa, imepinduliwa dirishani ikauke. Bukari ya Jumamosi ile ilitoka kama ya zamani, Papa akasema mkono umekumbuka, na mimi nikahesabu kesi imefungwa. Niliona hata nimekuwa mjanja. Mama ameamini ni mkono wake, hakuna aliyepigwa, nani ameumia?

Lakini jina lilikuwa limeshatoka mlangoni na Tantine Régine. Watu wa Katanga tukikutana kwenye ukumbi wa parokia, kwa ubatizo, kwa ndoa, kwa matanga, kulikuwa na sufuria kubwa, na kulikuwa na mwiko, na mwiko alipewa mwingine. "Maman Mastic, weye kata vitunguu," walisema, kwa upendo kabisa, hakuna aliyekuwa na ubaya. Alikata vitunguu. Akaosha sombe, akafuta meza. Mara moja, kwenye ndoa ya mtoto wa Faustin, nilimwona amesimama nyuma ya mwanamke aliyekuwa anasonga vibaya, madonge yanaonekana kutoka mbali, na mikono ya mama ilikuwa inajizungusha yenyewe chini ya kikwembe. Miaka kumi na moja alikata vitunguu.

Na mimi? Mimi nilikuwa narudi kwa Doña Chelo. Mwanzoni nilikwenda kumlaumu, unga wako ni mbaya. Alinikalisha nyuma kwenye meza, akaniambia unga huo si wa kusonga. Mahindi yanachemshwa na chokaa, ngozi inabanduka, ndipo yanasagwa, ni wa kufanya tortilla, mkate wao mwembamba. Chokaa! Akachanganya na maji, akabonyeza duara, akatupa kwenye chuma cha moto, ikavimba kama shavu. Nilikula sita. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilipita, na hata nilipoacha shule na kuanza kubeba ndoo za mafundi, nilipita na nguo za vumbi.

Yeye alikuwa halii kwa machozi, alilia kwa chakula. Alikuwa anamwaga maharage meusi mezani, anapanga mji wake. Hili ni kanisa. Hii ni barabara ya nyuma ya kanisa, ina dirisha moja ambalo wanauza tortilla za moto. Usitafute kibao, sikiliza mashine inayolia kama punda. Hapa soko. Nyanya, nunua kwa wanawake waliokaa chini kwenye mikeka, usinunue kwa wenye meza, wenye meza wanazinunua kwa wale wale wa chini. Jibini, usinunue kamwe siku ya Jumatatu. Na mlango wa nyuma wa soko, hapa, pembeni ya kinu cha kusaga, Doña Tacha mwenye stuli ya miguu mitatu anauza supu ya mbuzi, Jumapili tu, ukifika baada ya misa umechelewa. Alikuwa anasogeza kila harage kwa kidole kimoja, kama anaogopa kuliamsha. Niliujua San Jacinto kuliko nilivyojua somo lolote.

"Na mama yako?" alikuwa anauliza. "Bingwa. Mbona haji?"

"Anafanya kazi, Doña Chelo."

Barabara mbili tu. Wanawake wawili waliokuwa na njaa ya aina moja, na mimi nikiwa ukuta katikati, kwa sababu wangekutana wangeongea habari ya unga.

Mama alifariki mwaka wa 2013, kwa moyo, akitoka kazini. Ukumbini waliongea vizuri juu yake. Tantine Régine alilia kwa sauti, "Maman Mastic wetu! Maman Mastic wetu!" na watu wakatabasamu katikati ya machozi. Mimi nilikuwa tayari na camionnette ya kwanza. Nililipia kila kitu, maua mengi kuliko ya mtu yeyote. Bukari ya siku ile ilikuwa na madonge.

Miaka mitatu baadaye Doña Chelo alifunga duka, magoti yamekataa. Akaniambia, wewe una pesa na una miguu, nenda ukale kwangu, uje unieleze. Nikaenda. Mimi, mtoto wa Katuba bila diploma, nilivuka bahari kwa starehe zangu, halafu saa sita za basi milimani. Pale San Jacinto kijana mmoja alitaka kunipa ramani, nikacheka. Kanisa hili hapa. Dirisha la tortilla siku hizi wanauza vifuniko vya simu. Wanawake wa nyanya wapo, chini, nikanunua kwao nyanya ambazo sikuwa na mahali pa kuzipika. Ilikuwa Jumapili, nikawahi kabla ya misa kuisha. Doña Tacha amekufa, binti yake yupo, na stuli, nikahesabu, ina miguu mitatu.

Pembeni ya kinu kulikuwa na magunia ya unga mkavu, midomo wazi. Kwa kuwa ni kazi yangu, siwezi kupita unga wowote bila kuugusa. Chokaa, simenti, plasta, kidole kimoja kinaniambia umri wake na kama utashika. Nikaingiza mkono.

Nilijua kabla kiganja hakijafika chini. Mkavu, bila maji, bila moto. Ule mtelezo, ile harufu ya ukuta. Haufanani na unga wa bukari hata kidogo, hata kipofu, hata mlevi hawezi kuchanganya. Na huyo ni mimi, nisiyejua hata kusonga.

Mama yangu, aliyekuwa anamwambia Maman Béa unga huu ni wa kabla ya Noeli, alikaa na mkono ndani ya ndoo ile muda wa kusali Baba Yetu nzima.

Alijua. Alikuwa amejua kabla maji hayajachemka. Mume wake aliyekosekana miaka minne yuko sebuleni na mkanda wake, Jumapili, hakuna duka lililo wazi, mtoto wake amesimama mlangoni na uongo usoni. Hakutaka siku ya kwanza ya baba na mtoto iwe ya mkanda. Alikuwa na kitu kimoja tu cha thamani alichotoka nacho Lubumbashi, akakitoa, akakiweka mezani kati ya samaki na sombe, wakakicheka, naye akacheka. Halafu akaosha ndoo. Na miaka kumi na moja hakuniuliza, hata kwa utani, hata tukiwa wawili.

Binti wa Tacha aliniletea supu. Alinikuta bado nimeinama kwenye gunia, akadhani nimedondosha pete.

Niliporudi nilikwenda kwa Doña Chelo, nikamweleza mji wake harage kwa harage, dirisha la simu nikaliruka. Halafu nikamwambia ukweli juu ya bingwa. Akasema, "Ningempa kahawa." Basi.

Halafu nikaenda Berchem-Sainte-Agathe, kwa Tantine Régine, siku hizi mzee, mdomo bado mzima. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sikukubali kiti.

"Weye!" akasema. "Bunga ilikuwa ya ba Mexicains?"

"Ndiyo, tantine."

"Na Odette alijua?"

"Alijua."

Akashika kitambaa chake cha kichwa. "Na mi niliita yeye Maman Mastic mpaka ku kaburi! Juu ya nini hakusema? Nilikuwa namuita vile mbele ya batu yote, Dido. Na yeye alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka!"

Alipika chai, ikapoa.

Mimi ni mtu wa kujisifu, mmeona. Nimejisifu kwa camionnette, kwa dari za Ixelles, kwa mabao ya Parc Josaphat. Na katika nyumba ile aliyekuwa na sifa ya kweli aliitoa kimya, bei yake ikawa frites zangu. Natamani Jumamosi moja tu. Nimbebee mfuko kutoka kwa Maman Béa, ule wa nyuma ya pazia, nipite naye barabara ya pili, mlango wa kijani, niseme, Doña Chelo, huyu ndiye. Nikae kwenye meza ya plastiki niwasikilize.

Haiwezekani, kwa hiyo nawaambia ninyi, hasa ninyi wa Katanga mliokula ukumbini siku zile na kucheka. Maman Odette wa Katuba hakusahau kitu. Mkono wake ulikuwa mzima mpaka siku aliyoanguka. Unga ulikuwa wa tortilla, na aliyeununua ni mimi.